Je, sayansi inaweza kumkana Mungu na maisha baada ya kifo? Misimamo minne, ikipimwa kutoka Goma

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, sayansi huitwa kutoa ushahidi na pande mbili zinazopingana. Kijana aliyetoka chuo kikuu anakaa kwenye kilio cha babu yake na kusema kwa sauti kwamba sayansi imekwisha kuonyesha kuwa mtu akifa amekwisha. Viti vichache pembeni yake, mama wa chumba cha maombi anamjibu kwamba madaktari wa Marekani wenyewe wamekubali mbingu ipo, kwa maana watu wamekufa hospitalini wakarudi na kusimulia walichoona. Wote wawili wanaitaja sayansi kama shahidi wao, na wote wawili wanaitwisha maneno ambayo haikuyasema.

Mimi nafundisha fizikia na kemia katika sekondari, na Jumapili niko kanisani. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya vijana walio katikati ya hao wawili: wanaopenda masomo yao, wanaoheshimu imani ya wazazi wao, na ambao wameambiwa ni lazima waache kimoja. Naona misimamo minne inayozunguka katika mji wetu. Wa kwanza unasema faili limefungwa, sayansi imemwondoa Mungu na uzima wa baadaye. Wa pili unasema sayansi na imani ni mashamba mawili yasiyopakana. Wa tatu unasema sayansi imethibitisha Mungu na mbingu. Wa nne unasema hatujui, na haifai kujifanya tunajua. Nitaieleza bila kufuata mpangilio huo na bila kuipa nafasi sawa, kwa sababu haina uzito sawa.

Uliza kwanza: ni dai gani linalopimwa?

Tuanze na Nyiragongo, mlima wa volkano ulio jirani na mji wetu. Katika masimulizi ya kale ya eneo hili, hasa upande wa Wanyarwanda waliomfuata Ryangombe, shujaa wa kale aliyeabudiwa kama roho kuu, roho za walioingizwa katika ibada yake zilikwenda kupumzika kwenye mlima Karisimbi, na roho za wengine zilitupwa katika moto wa Nyiragongo. Hilo ni dai juu ya mahali panapojulikana. Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alifika kwenye ukingo wa kreta akaona ziwa la mawe yaliyoyeyuka, na katika miaka iliyofuata wanasayansi walishuka ndani, wakapima joto, wakachukua gesi. Hawakukuta mtu. Kama dai lilikuwa kwamba wafu wamo mle kama sisi tulivyo ndani ya nyumba zetu, dai hilo limeanguka. Mzee akijibu kwamba roho hazionekani wala hazipimwi kwa chombo chochote, dai lake limepona, lakini limelipa bei: sasa halisemi tena jambo lolote ambalo mtu aliyesimama kwenye ukingo ule angeweza kulikubali au kulikataa.

Mazuku, yaani mashimo na mabonde yanayokusanya gesi ya kuua, yanatufundisha jambo la pili. Aliyekulia Himbi, Kyeshero au upande wa Bulengo anajua hadithi ya mbuzi aliyekutwa asubuhi amekufa shimoni bila jeraha. Watu waliogopa pepo wa mahali pale. Vyombo vilionyesha dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa. Gesi hiyo ni nzito karibu mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mtoto aliyeinama miguuni pake anazimia. Maelezo haya yanaokoa maisha: usijenge shimoni, usimwache mtoto acheze pale, na moto ukizimika karibu na ardhi, toka haraka.

Je, hiyo inaonyesha kwamba hakuna pepo duniani? Haionyeshi. Inaonyesha kwamba pepo hahitajiki kueleza kifo cha mbuzi yule. Kutohitajika na kutokuwepo ni mambo mawili, na nusu ya ugomvi ninaousikia kwenye vilio vyetu unatokana na kuyachanganya. Kijana anaruka kutoka la kwanza hadi la pili bila daraja. Mama naye anaogopa kukubali la kwanza akidhani ndiyo la pili.

Halafu kuna lava yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka upande wa kusini, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikafika Buhene, pembezoni mwa mji. Mara zote mbili walikuwepo waliohubiri kwamba ni adhabu kwa wenye dhambi. Hapo sayansi ina neno la wazi. Lava ilifuata nyufa na mteremko. Mwaka 2002 ilibomoa baa, na ilibomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pia. Anayesema kwamba moto ule ulichagua nyumba za wenye dhambi ametoa dai linaloweza kukaguliwa, na ramani inalikataa. Anayesema kwamba Mungu ndiye aliyeiweka milima na miteremko hii tangu mwanzo ametoa dai la aina nyingine kabisa, na hakuna ramani itakayomjibu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua msimamo, chukua kila dai la dini peke yake na uulize linaacha alama gani duniani. Lenye alama linapimika. Lisilo na alama halipimiki, na halitolewi uwanjani kwa kipimo.

Faili limefungwa, au mbingu imethibitishwa?

Msimamo wa kwanza na wa tatu wanadhaniwa kuwa maadui. Kwangu mimi wanafanana kuliko misimamo mingine yote, maana wote wawili wanataka maabara itoe hukumu ya mwisho. Basi tuwaweke uso kwa uso.

Hoja nzito ya wa kwanza ni ubongo. Mwaka 1848 nchini Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwa na fimbo ya chuma. Alipona, lakini waliomfahamu walisema tabia yake ilibadilika hadi hakuwa tena Gage waliyemjua. Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wazazi wa Goma wameona mtoto akitoka katika malaria ya ubongo akiwa amepoteza maneno aliyokuwa nayo, na wameona bibi akisahau majina ya watoto aliowazaa. Kama roho ndiyo inayofikiri na kukumbuka, mbona homa inaifikia? Mwanafizikia wa Marekani Sean Carroll anaongeza hoja nyingine. Ili roho iusogeze mkono wako ni lazima iguse elektroni na atomu zako, na fizikia ya mambo ya kila siku imechunguzwa kwa undani sana bila kuona nguvu ya namna hiyo.

Hoja hii inaumiza, na sipendi wahubiri wanaoipita kwa kicheko. Inavunja picha ambayo wengi wetu tunayo tukiwa kwenye kilio, picha ya mvuke wenye akili unaotoka mwilini ukiwa na kumbukumbu zake zote na kwenda zake juu. Kwa ushahidi tulio nao, kumbukumbu hukaa kwenye ubongo, na ubongo hufa.

Lakini angalia inapoishia. Imepima watu walio hai na wanaokufa katika ulimwengu huu, ikaonyesha kwamba humu akili inategemea mwili. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 15 hasemi kwamba roho ina uwezo wake wa asili wa kudumu na kumbukumbu zake. Anasema mwili hupandwa kama mbegu na kufufuliwa na Mungu. Qurani nayo, katika sura ya 17, aya ya 85, inasema roho ni katika mambo ya Mola, na kwamba wanadamu hawakupewa elimu ila kidogo. Ahadi ya jambo ambalo Mungu atalitenda siku ambayo bado haijafika haiko kwenye meza ya maabara leo. Unaweza kuikataa kwa sababu huna sababu ya kuiamini, na hilo ni jibu halali. Lakini usiseme kwamba imepimwa ikashindwa, maana haijapimwa.

Sasa mpe nafasi wa tatu. Simulizi analolipenda zaidi ni lile la roho kuwa na uzito wa gramu 21. Lilitoka kwa daktari Duncan MacDougall wa Massachusetts, aliyetoa matokeo yake mwaka 1907. Aliweka wagonjwa waliokuwa wanakufa juu ya mizani. Walikuwa sita tu. Upungufu wa gramu 21 ulionekana kwa mmoja wao, na wengine walitoa matokeo tofauti au yasiyofaa kutumika. Nikiona gramu 21 zikihubiriwa katika simu za wanafunzi wangu nasikitika, kwa sababu mtoto anayejengewa imani juu ya mizani ile ataipoteza siku atakaposoma habari kamili.

Ushuhuda wa waliokaribia kufa ni jambo zito zaidi, na naupa muda wake. Watu hawa si waongo. Moyo umesimama, umefufuliwa, na mtu anarudi akizungumzia amani, mwanga, ndugu waliotangulia. Daktari Sam Parnia na wenzake walijaribu kulipima hilo kwa njia safi. Waliweka rafu zenye picha juu karibu na dari za vyumba vya hospitali, ambapo picha ingeonekana tu na mtu anayetazama kutoka juu. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2014, kati ya visa 2,060 vya moyo kusimama katika hospitali 15, walionusurika walikuwa 330 na waliohojiwa 140. Mmoja alieleza mambo yaliyotokea chumbani ambayo yalithibitishwa kuwa kweli, lakini chumba chake hakikuwa na rafu. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa pili: wagonjwa 567, walionusurika 53, waliohojiwa 28. Hakuna aliyeitambua picha.

Upande mwingine, Jimo Borjigin na wenzake wa Michigan walipima mwaka 2013 bongo za panya wakati moyo unasimama, wakaona shughuli ya umeme ikipanda ghafla badala ya kuzimika kimya. Mwaka 2023 waliona jambo linalofanana kwa wagonjwa wawili kati ya wanne. Na masimulizi hubadilika kufuata malezi: nchini India watu husimulia wajumbe wa Yama, mungu wa kifo wa Wahindu, waliokuja kumchukua mtu kisha wakagundua wamekosea jina, jambo ambalo Mkristo wa mtaa wetu wa Majengo hawezi kuliota. Ninalolipata hapo ni kwamba moyo kusimama si mwisho wa ubongo papo hapo, na kwamba waliorudi walirudi kutoka mlangoni. Ushuhuda wao unaweza kumfariji mtu. Kuuita uthibitisho wa kisayansi wa mbingu ni kuuongezea.

Wa tatu ana hoja nyingine anayoitumia sana, ile ya mwanzo wa ulimwengu, na hapo kuna historia ambayo Mkongo hapaswi kuikosa. Aliyependekeza kwamba ulimwengu unatanuka na ulianza katika hali ya msongamano mkubwa alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître, profesa wa Leuven, katika maandiko yake ya mwaka 1927 na 1931. Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia akiunganisha nadharia hiyo na uumbaji. Mtu angetegemea padri afurahi. Lemaître hakufurahi. Alisisitiza kwamba nadharia yake inabaki nje ya maswali ya dini, na alifanya jitihada ili jambo hilo lisirudiwe. Aliona hatari ambayo wahubiri wetu hawaioni: ukimfunga Mungu kwenye nadharia, siku nadharia itakapobadilika utamfukuza pamoja nayo. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba mnururisho uliobaki kutoka mwanzo huo umepatikana, na habari ikamfikia kabla ya kifo chake mwaka 1966. Hata hapo haukuwa uthibitisho wa Mungu, na yeye hakuuita hivyo.

Leuven hiyo hiyo ndiyo mama wa Lovanium ya Kinshasa, ambapo mwaka 1959 kiliwashwa kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima, chini ya rekta Luc Gillon, ambaye naye alikuwa padri na mwanafizikia wa nyuklia. Nawaambia wanafunzi wangu habari hii ili wajue kwamba kichwa kimoja kinaweza kubeba vyote viwili. Haithibitishi kwamba Mungu yuko, lakini inakataa kwamba mtu mwenye akili ya fizikia ni lazima aache kusali.

Maombi, dawa, na mahali ambapo uchaguzi unagharimu maisha

Mengine yote tunaweza kuyajadili hadi usiku. Hili la maombi linaua watu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliendelea hadi Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini yetu. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa ndani ya Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Simtaji ili kumlaumu. Mtu ambaye kazi yake ni kuwawekea mikono wagonjwa ndiye anayeshikwa mapema na ugonjwa unaoambukiza kwa kugusana.

Katika miezi ile ile, dawa nne zililinganishwa katika vituo vya matibabu vya mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, kila kundi likapewa dawa yake, vifo vikahesabiwa. Agosti 2019 zoezi lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha ubora wake: vifo vilikuwa karibu theluthi moja, wakati kwa nyingine mbili vilikuwa nusu au zaidi kidogo. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na profesa wetu Jean-Jacques Muyembe alikuwa katika kazi hiyo. Hakuna aliyeuliza imani ya mgonjwa. Dawa ilifanya kazi kwa Mkatoliki, kwa Mwislamu, kwa asiyesali.

Njia hiyo hiyo, ya makundi na kura, imetumika kupima maombi. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Walioombewa bila kuwa na uhakika kwamba wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 52, na wasioombewa asilimia 51. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59.

Wanafunzi wanaponisikia nikisema hivi, darasa hunyamaza. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa mama yangu anayeomba kila usiku anafanya nini?" Nilimjibu hivi: "Mwanangu, mama yako hakuingia katika hesabu ile." Utafiti ulipima wageni wanaosoma majina ya watu wasiowajua kwa siku zilizopangwa. Haukuweza kuzuia familia za wagonjwa zisiombe, kwa hiyo hakukuwa na kundi lisiloombewa kwa kweli. Na kama Mungu ni mwenye hiari, si kidonge chenye kipimo, kura haiwezi kumlazimisha. Maandiko yenyewe yanasema usimjaribu Bwana Mungu wako.

Lakini nililazimika kumwambia na upande wa pili, na wewe msomaji nakuambia. Maandiko hayo hayo yana Eliya juu ya Karmeli, akiwaita watu waone kwa macho moto utakaoshuka. Mhubiri wa mji huu anayebandika bango la uponyaji wa uhakika na kutaja siku amepanda Karmeli kwa hiari yake. Ametoa dai lenye alama. Huyo anapimika, na apimwe kwa vipimo vya hospitali, kabla na baada. Hawezi kuhubiri kama Eliya mbele ya sadaka, kisha mgonjwa akifa ajifiche nyuma ya "usimjaribu Bwana" na kuilaumu imani ya marehemu. Mungu asiyepimika hatoi uhakika kwamba mtoto huyu atapona Ijumaa. Anayekuuzia uhakika huo amekubali kupimwa.

Mtu mwenye kisukari au anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI, akiambiwa aache vidonge kwa kuwa ameponywa, hana swali la falsafa mbele yake. Ana swali la damu, na maabara inalo jibu.

Mashamba mawili yasiyopakana

Msimamo wa pili ulipewa umbo lake maarufu na mwanabiolojia Stephen Jay Gould mwaka 1997: sayansi ishughulikie ukweli wa maumbile, dini ishughulikie maana na maadili, na hakuna anayeingia kwa mwenzake. Maprofesa wengi wa vyuo vyetu wanaupenda, na naelewa sababu. Unaleta amani katika ukumbi.

Una ukweli ndani yake. Mizani ya makaa pale soko la Virunga itakuambia gunia lina kilo ngapi, haitakuambia kama limeibwa, na kunyamaza kwake juu ya wizi si ushahidi kwamba hakuna mwizi. Maswali ya aina hiyo yapo: kwa nini kuna kitu badala ya utupu, kwa nini ni vibaya kumwua mtu hata kama hakuna atakayejua. Kwa hayo vipimo havina mkono.

Tatizo ni kwamba dini zetu hazikukubali kamwe kubaki ndani ya maana na maadili peke yake. Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Hilo ni dai la jambo lililotokea mahali fulani, siku fulani. Anayelipunguza liwe fundisho la tumaini tu ameleta amani kwa kubadilisha dini ya watu bila kuwauliza. Ni kweli kwamba sayansi haiwezi kurudi kaburini Yerusalemu na kupima. Inaweza kusema tu kwamba wafu, kwa kawaida, hawafufuki, na waliolitangaza tukio hilo walilijua hilo, ndiyo maana waliliita muujiza. Swali linabaki la historia na la ushuhuda. Lakini uzio wa Gould hausimami: mashamba haya yanapakana, na kwenye mipaka watu hukutana.

Hatujui

Mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley ndiye aliyeupa msimamo huu jina la uagnostiki mwaka 1869, na una heshima yake. Unafaa kwa mtu anayechukia kudanganya. Udhaifu wake ni kwamba hapa kwetu hutumiwa kana kwamba kutojua ni kugawa sawa kwa sawa, nusu yuko na nusu hayuko, na hilo halifuati. Pia hausaidii siku ya kuamua: ukiwa na mtoto wa kulea, utamfundisha kusali au hutamfundisha, na kusema hujui hakukuondolei uamuzi huo.

Hoja ambayo haitoki maabara

Wengi ninaowafahamu hapa walioacha kuamini hawakuachishwa na darubini. Waliachishwa na vita, na kambi za wakimbizi, na mtoto aliyezikwa bila kosa. Wanauliza kama Mungu ni mwema na anaweza, mbona hivi. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya imani yangu, na sina jibu linalotosha. Naiweka pembeni ya ulinganisho huu kwa sababu moja tu: si sayansi inayouliza. Ayubu aliuliza bila kuwa na chombo chochote. Mtu akikuambia sayansi imemfanya aache imani, msikilize hadi mwisho, maana huenda anazungumza juu ya ndugu yake.

Kwa hiyo nichague upi?

Kama unachotaka ni kuwa mkweli tu kwa ushahidi unaopimika, wa nne ni salama kwako, na wa kwanza nao ni nyumba ya heshima mradi utoe neno "imethibitishwa" na kuweka "sioni sababu ya kuamini". Hapo hakuna mwalimu wa fizikia atakayekusahihisha.

Kama wewe ni muumini, ukimbie wa tatu kuliko misimamo yote. Unaonekana kuwa rafiki, lakini unaweka imani yako rehani kwa video ya wiki hii. Wa pili utakupa pumziko la muda, kisha siku ya ugonjwa utagundua kwamba hujajua la kumwambia mhubiri wa bango.

Mimi nimechagua njia ambayo haimo kamili katika yoyote. Naamini Mungu, na natumaini ufufuo, nikijua kwamba tumaini hilo halitoki kwenye vipimo na kwamba hakuna kipimo kilicholiondoa. Pale imani inapogusa dunia, kwenye mgonjwa, kwenye lava, kwenye gesi ya shimoni, nakubali kipimo kiamue, hata kikiamua dhidi ya mhubiri wangu mwenyewe.

Na kwa kuwa nawataka wengine wakubali kupimwa, ni haki niseme kitakachonibadilisha mimi. Wagonjwa wengi, katika hospitali mbalimbali, wakianza kuitaja sawasawa picha iliyowekwa juu ya rafu ambayo daktari mwenyewe hakuijua, nitakiri kwamba wa tatu alikuwa na neno kuliko nilivyompa. Na ikiwa mifupa ya Yesu ingepatikana na kuthibitishwa bila shaka, nisingesema kwamba ufufuo ulikuwa mfano tu. Ningefuata maneno ya Paulo, na kuwaambia wanafunzi wangu kwamba imani niliyowaeleza ilikuwa bure.